Mjomba aliyechelewa kusema

Karibu kila ukoo una mjomba aliyechelewa kusema. Alifika miaka minne kimya, kisha siku moja akaomba uji kwa sentensi kamili, na leo ni mhandisi. Mjomba huyu hutajwa kila mama anapolalamika kwamba mwanawe wa mwaka na nusu hana hata neno moja. Bibi atasema, ataongea tu. Shangazi ataongeza kwamba wa kiume ndivyo walivyo. Jirani atashauri akakatwe udata. Mama ananyamaza, mwaka unapita.

Mjomba huyo ametuharibia watoto wengi. Sikatai kwamba yupo. Watoto wengi wanaochelewa maneno, ilhali wanasikia, wanaelewa na kucheza vizuri, huwafikia wenzao kabla ya kuanza shule. Lakini huenda ukoo uleule una mjomba wa pili, yule wa chumba cha uani, ambaye naye aliambiwa ataongea tu. Huyo hatajwi harusini. Ushahidi wetu wote tumeuokota kwa waliofaulu, na kwa huo tunatoa hukumu sebuleni juu ya mtoto ambaye hata masikio hajapimwa.

Na masikioni ndiko subira yetu inakofanya madhara makubwa. Mtoto asiyesikia hucheka, hutambaa, tena hugeuka mlango ukibamizwa kwa sababu amehisi sakafu ikitikisika. Nyumba nzima itaapa kwamba anasikia. Ubongo wake, wakati huo, haumngoji mtu: sehemu iliyotengwa kwa ajili ya sauti, isipoletewa sauti, huanza kutwaliwa na kazi nyingine, hasa ya kuona. Ndiyo maana mtoto aliyezaliwa kiziwi akipandikizwa kifaa cha kusikia kabla ya miaka 3 na nusu, mara nyingi ubongo wake huipokea sauti vizuri. Akicheleweshwa hadi baada ya miaka 7, kifaa kilekile kwa gharama ileile humsaidia kidogo mno. Mwaka 1998, Christine Yoshinaga-Itano na wenzake huko Colorado, Marekani, walionyesha kwamba watoto wenye tatizo la kusikia waliogunduliwa kabla ya miezi 6 walikuwa na lugha bora kuliko waliogunduliwa baadaye. Na asiyepata kifaa asifikiriwe kuwa na muda wa kupoteza: lugha ya alama nayo huingia vizuri utotoni.

Watetezi wa subira hupenda kusema kila mtoto ana mwendo wake. Kweli, ila mwendo huo una mipaka. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya njema Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, likakuta karibu wote walianza kutembea wenyewe kati ya miezi 8.2 na 17.6. Tazama upana wa nafasi hiyo, zaidi ya miezi tisa! Subira imeshahesabiwa ndani ya kipimo. Mtoto wa miezi 20 asiyetembea anahitaji kutafutiwa sababu, si kusimuliwa habari za babu yake.

Hata hivyo, simtwishi mama lawama zote; kliniki nayo ina zake. Chanjo ya surua na rubela hutolewa miezi 9 na tena miezi 18, Tanzania na Kenya pia. Madaktari wa watoto wa Marekani wanataka ukuaji wa mtoto uchunguzwe miezi 9, 18 na 30. Maana yake mtoto wetu tayari yuko kliniki, kabebwa, kwenye foleni, katika miezi miwili ya mwanzo kati ya hiyo mitatu. Anawekwa kwenye mizani, anachomwa sindano, kadi inajazwa, mwingine apite. Ni mara ngapi mama huulizwa kama mtoto akiitwa jina hugeuka, au kama hunyoosha kidole kumwonyesha kitu? Maswali hayo hayahitaji umeme wala mashine. Wala tusijifiche nyuma ya hoja kwamba vipimo ni vya Wazungu: Kilifi, Kenya, kuna kipimo kilichoundwa kwa watoto wa hapohapo, na Malawi ina chake, kilichochapishwa mwaka 2010. Tanzania ilizindua programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto mwaka 2021. Jina refu, zuri, nami ningependa kuliona likifika hadi kwenye ile meza yenye mizani.

Kwa hiyo wewe mwenye mtoto wa sindano ya miezi 18, usingoje kuulizwa. Mwambie nesi, hata foleni ikiguna nyuma yako, kwamba hasemi na unataka apimwe masikio. Naye akikujibu ataongea tu, mwombe barua ya rufaa.