Mji kasoro bahari, na boti ya kwenda kutazama taa za kijani

Najua nimepotea, ila test zilibana halafu bando nalo likagoma. Leo nimerudi na jambo ambalo limenikaa rohoni tangu TP ya mwaka 2025, na juzi rumeti wangu kalichokonoa bila kujua.

Ilikuwa hivi. Tupo geto hapa Msamvu, saa nne usiku, mabasi yanapiga honi stendi kama kawaida yake. Rumeti kanipa simu, "Shoga hebu cheki hii." Video ya boti inatoka Tromsø, Norway. Watu wamevaa majaketi manene kama magodoro, wameinua vichwa juu, na anga lote linacheza rangi ya kijani kama pazia linapepea. Zile nuru za kaskazini, mnazijua. Rumeti akaapa: mshahara wake wa kwanza unaishia kwenye hiyo boti.

Nikacheka. Kwanza ajira za walimu mnazijua wenyewe. Pili, huu ni mji kasoro bahari jamani, hata boti yenyewe tutaijulia wapi, bwawa la Mindu? Tukakaa tukapiga hesabu. Kwa bei tulizoziona, safari ya boti ya saa chache tu inaanzia kama krona elfu moja kwa kichwa, na krona moja ni kama shilingi 250. Hapo ni laki mbili na nusu, bado ndege, bado viza, bado hilo godoro la kuvaa. Kwa boom ya shilingi 10,000 kwa siku, ni siku 25 hujala kitu. Rumeti akasema bora njaa.

Sasa wadau, mimi sina ubaya na hiyo safari. Mwenye hela aende. Ninachotaka kusema leo ni kingine: sisi tunaosomea ualimu tunawaharibu watoto wa watu tunapowaambia kwamba vya kutazama viko kwao, huku kwetu hakuna kitu. Nasema hivyo kwa sababu nilifanya mwenyewe, darasani, chaki mkononi.

TP nilipangiwa Mafia. Kutoka hapa Msamvu unapanda basi hadi Dar, unakwenda Mbagala Rangi Tatu, unapanda gari la Nyamisati, halafu boti hadi Kilindoni. Nilikuwa nafundisha Jiografia kidato cha pili. Siku moja nimemaliza mambo ya sayari, kijana mmoja wa nyuma kanyoosha mkono. "Madam, zile taa za kijani za kwenye TikTok ni nini?"

Mimi sikuwa najua. Nilichotakiwa kusema ni "sijui, nitawaletea jibu kesho." Maneno manne tu. Lakini mnajua mwalimu wa TP alivyo, anaogopa kuonekana hajui kuliko anavyoogopa simba. Nikajibu kwa kujiamini kabisa: ni mwanga wa jua unagonga barafu za huko kaskazini, unarudi juu angani.

Yule kijana akatulia kidogo. "Lakini madam, usiku jua linatoka wapi?"

Darasa kimya. Nikamwambia akae chini tuendelee na somo. Na nikaongeza la kufungia mjadala: "Hayo ni mambo ya kwao huko. Huku kwetu angani hakuna kitu cha maana cha kutazama."

Usiku ule nikaingia mtandaoni, nikakuta nimedanganya. Jua linatema chembe zenye umeme muda wote, nazo zinasafiri hadi huku duniani. Dunia ina usumaku, na huo usumaku unazielekeza nyingi upande wa ncha, kaskazini na kusini. Zikifika juu kama kilometa mia moja na zaidi zinagongana na hewa, na hewa ndiyo inayotoa rangi: oksijeni inatoa kijani, ikiwa juu zaidi inatoa nyekundu, na naitrojeni inatoa bluu na zambarau. Barafu haihusiki hata kidogo. Swali la kijana, jua linatoka wapi usiku, lilikuwa swali sahihi kabisa. Jua lenyewe liko upande wa pili wa dunia, ila kazi yake inafika.

Na nikajifunza kwamba ile boti ina sababu zake. Taa za mji zinaua nuru ya angani, kwa hiyo boti inawatoa watu nje ya mji, na kule baharini nahodha akipunguza taa zake kunakuwa giza la kutosha. Bahari ya Tromsø haigandi hata wakati wa baridi, maana kuna mkondo wa maji ya uvuguvugu unapanda kutoka kusini. Msimu wenyewe ni kama Septemba hadi Aprili, maana kiangazi chao usiku hauingii giza. Jingine ambalo TikTok haisemi: mara nyingi jicho linaona kitu cheupe-cheupe kama wingu, kijani kikali ni cha kamera. Na kamera inataka kutulia, wakati boti inayumba. Kwa hiyo unaweza kulipa laki zako ukaona wingu, au usione kitu kabisa.

Je, nilirudi darasani kusahihisha? Sikurudi. Nilikuwa na wiki tatu zimebaki, mkaguzi kutoka chuo alikuwa anakuja, nikasema nitatafuta siku nzuri. Siku nzuri haikuja. Nikafunga begi na uongo wangu nikauacha kwenye madaftari ya watoto arobaini na kitu.

Boti ya kurudi ilifuata maji. Ilikuwa mwishoni mwa Agosti, mwezi umekufa, bahari imejaa, tukaondoka Kilindoni saa kumi usiku. Nahodha akazima taa zote za mbele ili aone anakokwenda. Mimi nilikaa nyuma karibu na injini, natazama kisiwa kinavyoachwa. Kama saa kumi na dakika arobaini hivi, upande wa mashariki, nikaona mwanga. Sio wa mapambazuko ninayoyajua. Huu ulisimama wima, mpana chini, mwembamba juu, kama pia iliyogeuzwa, mweupe laini, na Zuhura inawaka ndani yake. Nikadhani ni mji. Lakini mji gani upo huko, ni bahari tupu hadi Seychelles!

Nikamuuliza mzee mmoja aliyekaa pembeni yangu. "Shikamoo mzee, ule mwanga kule ni wa nini?"

"Marahaba mwanangu. Hiyo alfajiri ya uongo. Ikisimama wima namna hiyo usiihangaikie, mwenye kufunga bado anakula. Ya kweli inakuja inalala, inatambaa kando ya bahari."

Akarudi kwenye usingizi wake. Na kweli, baada ya muda ule mwanga ukamezwa, ikaja alfajiri ya kweli, imelala vilevile kama alivyosema.

Nilipofika Msamvu nikaanza kusoma, na hapa ndipo nilipochoka. Ile alfajiri ya uongo wanasayansi wanaiita nuru ya zodiaki. Ni vumbi, vumbi laini lililotanda kati ya sayari, linamulikwa na jua kabla jua halijatokeza kwetu. Jioni nayo huonekana magharibi, giza likishaingia vizuri. Na inaonekana vizuri zaidi ukanda huu wetu wa karibu na Ikweta, kwa sababu huku njia ya sayari inasimama karibu wima kutoka upeo wa macho. Kule Norway njia hiyo inainama sana, basi ile nuru inapotelea chini kwenye ukungu na mwanga mrefu wa jioni.

Sasa sikieni hii. Mtu aliyefumbua siri ya nuru za kaskazini ni Mnorwei, Kristian Birkeland. Mwanzoni mwa karne ya 20 alitengeneza dunia ndogo yenye sumaku, akaiweka ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, akairushia umeme, na mwanga ukatokea kuzunguka ncha zake. Wenzake walimheshimu hadi tangu 1994 sura yake ikawekwa kwenye noti ya krona 200, ikakaa huko miaka mingi. Na huyo Birkeland, mwenye nuru za kaskazini juu ya paa la nyumba yake mwenyewe, miaka ya 1910 alifunga safari akaja Afrika, Sudan na Misri. Kutazama nini? Nuru ya zodiaki. Hii hii ya mzee wa kwenye boti.

Na kama mnataka ya kupigia stori: Brian May, mpiga gitaa wa Queen, ndugu wa muziki wa Freddie Mercury wetu aliyezaliwa Unguja 1946, alipata udaktari wa falsafa Imperial College mwaka 2007 kwa kusoma hilo hilo vumbi. Mimi na shahada yangu ya Jiografia ndo kwanza nalisikia kwa mzee anayesinzia.

Mtaniuliza kwa nini nalia na hili wakati mitihani ya taifa haiulizi alfajiri ya uongo. Ni kweli haiulizi. Lakini tazameni kilichotokea Mei 2024. Tarehe 10 na 11 jua lilipiga dhoruba kubwa, nuru zikaonekana hadi sehemu ambazo hazijazoea. Tarehe 12 intaneti ikakata Tanzania nzima. Pale kwetu geto tulikubaliana bila mjadala kwamba ni jua limetukatia mtandao, na mimi nilikuwa wa kwanza kuitikia. Kumbe zilikuwa nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zimekatika huko kusini. Mtu asiyefundishwa kutazama na kuuliza anaunganisha chochote na chochote. Yule kijana alikuwa anauliza. Mimi ndiye niliyemkalisha chini.

Mwezi uliofuata dhamiri ikanishinda, nikampigia simu mwalimu wangu wa darasa kule Mafia. Nikamweleza yote, aibu na yote. Mungu ambariki, hakunicheka. Kesho yake mchana akanipigia, yule kijana yupo pembeni yake, akampa simu.

Nikamwambia nilikosea habari ya barafu, nikamweleza ya chembe na usumaku. Akasema asante madam. Halafu nikamwambia, kwa mbwembwe kidogo, kwamba na huku kwetu kuna nuru watu wanatoka mbali kuifuata. Nikamweleza ilivyo.

"Si alfajiri ya uongo hiyo madam? Mimi naiona tukienda baharini na baba."

"Sasa mbona siku ile hukusema?"

"Ulisema huku hakuna kitu."

Wadau, sikuwa na jibu. Bado sina.

Mnaona ukubwa wa kosa? La barafu ni kosa la kutojua, linasahihishwa kwa dakika mbili za simu. Lile la pili ndilo baya, kwa sababu lilimfanya mtoto aone kwamba anachokiona kwa macho yake kila akitoka na baba yake sio elimu. Elimu ni ile ya kwenye simu, ya kijani, ya watu wenye majaketi. Na hilo hakulijua mwenyewe, nilimfundisha mimi.

Kwa hiyo ombi langu kwa ndugu zangu wa ualimu, hasa mnaojiandaa kwenda TP. Moja, jifunzeni kusema "sijui, nitawaletea jibu kesho," halafu kesho mlete kweli. Mbili, mkifika kituoni, kabla hamjafungua kitabu, waulizeni watoto wanaona nini usiku. Watoto wa wavuvi, wa wafugaji, wa wakulima wa milimani kule Uluguru wanaoamka kabla ya jogoo. Halafu ndo mwaeleze ya Tromsø, na mtaona yanavyoingia vizuri. Ukishajua kwamba vumbi la angani linamulikwa na jua ambalo hulioni, habari ya chembe za jua kuwasha hewa ya kaskazini haikushangazi tena, unaiuliza maswali.

Juzi baada ya ile video nilimwamsha rumeti saa kumi na nusu, tukatoka nje kutazama mashariki. Hatukuona kitu. Taa za stendi ya Msamvu haziruhusu, anga lote la huku ni la njano usiku kucha. Rumeti kanitukana vizuri tu, akarudi kulala. Sasa nimeelewa kwa nini wale watu wanalipa boti: wanalipia giza. Sisi giza tunalo bure, ukitoka tu nje ya mji, ila inabidi mtu akukumbushe kuinua kichwa.

Tumekubaliana mwezi ukifa tena tutakwenda kijijini kwao, hukohuko milimani, tuamke na bibi yake. Mshahara wa kwanza bado kaahidi ni wa Norway, na mimi sijamkataza. Nimemwomba tu akipanda hiyo boti awaambie wale wa majaketi kwamba na sisi tunayo yetu, na nauli ya kuiona ni kuamka mapema.

Naomba kuwasilisha.