Prostati: hofu ya kupoteza nguvu za kiume inachelewesha matibabu

Kuna wanaume wanaofika hospitalini mkojo ukiwa umeshaziba. Wanaogopa kidole cha muganga, lakini zaidi wanaogopa matibabu yataua nguvu zao. Hofu hiyo si uongo mtupu. Tamsulosini inalegeza njia ya mkojo ndani ya siku chache, ila inaweza kupunguza shahawa. Finasteridi, inayopunguza prostati polepole kwa miezi 6 hivi, inaweza kushusha hamu. Baada ya upasuaji, shahawa mara nyingi zinarudi kwenye kibofu. Uume kwa wengi unaendelea kusimama. Muganga aulize mambo ya ndoa kabla ya kuandika dawa. Mgonjwa naye aseme kama anameza vidonge vya nguvu: pamoja na dawa za moyo aina ya nitrati, vinaweza kuua.