Bibi anapomwonjesha mjukuu mbege

Krismasi ikikaribia, mabasi ya Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa familia zinazorudi nyumbani, na ndani yake wamo watoto wanaoufahamu Mlima Kilimanjaro zaidi kwa picha. Wakifika kwa bibi, iwe Rombo, Marangu, Uru au Kibosho, hupokewa kwa ndizi, nyama na ndugu wengi ambao hawajawahi kuwaona. Siku ya pili au ya tatu kata ya mbege huanza kuzunguka kihambani. Mtoto wa miaka sita anawekewa kata mdomoni, anakunja uso, watu wazima wanacheka. Mama yake, aliyekulia mjini au aliyeolewa kutoka mkoa mwingine, anabaki kimya kwa sababu hajui aseme nini mbele ya wakwe.

Moshi ni mji wa bia. Kampuni ya Serengeti ina kiwanda chake pale, na bia ya chupa humfikia mnywaji ikiwa na lebo inayotaja kiwango cha kilevi. Lakini watengenezaji wa zamani zaidi wa pombe ya eneo hilo hawana bango wala geti. Wako migombani, kwenye barabara za vumbi zinazopanda mlimani, na wengi wao ni akina mama. Mgeni anaweza kupita mbele ya nyumba tatu zinazopika mbege asijue, isipokuwa kama pua yake imezoea harufu ya ndizi zilizochacha.

Kazi yenyewe si ya siku moja. Ndizi zilizoiva humenywa na kuchemshwa kwa saa nyingi mpaka zigeuke rangi ya udongo mwekundu, kisha huachwa kwenye pipa siku kadhaa zichache. Pembeni, ulezi huloweshwa, huoteshwa, hukaushwa na kusagwa kuwa kimea. Magome ya mti wa msesewe hutiwa ili kuleta ule uchungu ambao wanywaji huusifia. Maji ya ndizi yakishachujwa, uji wa ulezi uliopoa huchanganywa nayo, na kufikia kesho yake pombe iko tayari. Kila mpishi ana mkono wake. Mmoja hutoa mbege nzito inayokaribia uji, jirani yake hutoa nyepesi yenye uchungu, na wazee hubishana kwa bidii kuhusu nani anaipatia.

Uji huo wa ulezi ndio unaowachanganya wazazi. Mbege ina chembechembe, inashibisha, ina rangi ya chakula, na wengi huiita chakula kweli. Bibi anayemwonjesha mjukuu hana nia mbaya. Yeye mwenyewe alionjeshwa hivyo hivyo. Kwake kata ni namna ya kumwambia mtoto kwamba na yeye ni wa hapa.

Lakini ndani ya kata mna kilevi, na hakuna aliyekipima. Mbege huendelea kuchacha hata baada ya kutolewa kwenye pipa, hivyo kata ya saa nne asubuhi na kata ya jioni si kitu kimoja, ingawa zimetoka chombo kimoja. Mtu mzima huhisi tofauti hiyo na kupunguza mwendo. Mtoto hana kipimo hicho. Mwili wake ni mdogo, ini lake bado linakua, na kilevi kinaweza kumshusha sukari kwenye damu haraka, hasa kama ameshinda akicheza bila kula. Mtoto aliyelala ghafla baada ya "kuonja" si lazima awe amechoka na safari.

Hapo kuna dalili ambazo kila mzazi anayekwenda likizo anapaswa kuzijua: usingizi usio wa kawaida, kutapika, kuyumba, maneno yasiyoeleweka, ngozi ya baridi, kupumua polepole. Mtoto akiwa macho na anaweza kumeza, apewe kitu chenye sukari na apelekwe kituo cha afya bila kusubiri aone kama "itaisha." Akiwa amelala na haamki vizuri, alazwe kwa ubavu, asilishwe chochote, asilazimishwe kutapika, na apelekwe hospitali mara moja. Kumwagia maji baridi hakuondoi pombe mwilini, na kahawa haisaidii.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwanzoni mwa mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya, na pombe imo katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani. Kauli hiyo inahusu pombe ya aina yoyote, ya kiwandani au ya mgombani. Kuipima mbege kwa kuilinganisha na gongo, kama watu wengi wanavyofanya, ni kuchagua kipimo rahisi. Ni kweli haichomi koo kama gongo, lakini mtu haishii kata moja.

Kwa mama mjamzito jambo liko wazi zaidi. Kilevi hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na madhara yake kwenye ubongo hayarekebishiki baada ya kuzaliwa. Hakuna mwezi wa mimba ambao kata ya mbege imethibitishwa kuwa haina neno.

Mama anayenyonyesha naye huambiwa mbege huleta maziwa. Imani hii haiko Uchagani peke yake. Sehemu nyingi za dunia husema hivyo kuhusu bia. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1991 ulionyesha kinyume: watoto walinyonya maziwa kidogo zaidi katika saa zilizofuata baada ya mama kunywa pombe. Kinacholeta maziwa ni mtoto kunyonya mara kwa mara na mama kula na kunywa vya kutosha, na kwa hilo mtori unatosha kabisa. Mama ambaye tayari amekunywa anashauriwa asubiri saa mbili hadi tatu kwa kila kinywaji kabla ya kunyonyesha. Tatizo ni kwamba hakuna anayejua kata moja ya mbege ni sawa na vinywaji vingapi.

Kuna kinywaji kingine cha jadi ambacho mtoto anaweza kupewa, nacho pia kimea cha ulezi kinatumika: togwa. Tofauti ni ya vijidudu na muda. Togwa iliyotengenezwa leo huchachishwa zaidi na bakteria wanaoleta ukali kama wa mtindi. Tafiti zilizofanywa nchini katika miaka ya 1990 zilionyesha kuwa uji uliochachishwa kwa njia hiyo husaidia kupunguza vijidudu vya kuhara kwa watoto wadogo. Mbege imeachiwa hamira ya asili igeuze sukari ya ndizi kuwa kilevi. Togwa nayo ikiachwa siku nyingi huanza kulevya, kwa hiyo ya mtoto iwe ya siku ile ile. Bibi akiombwa togwa, bado anapata nafasi ya kumpa mjukuu kitu cha mkono wake.

Mazungumzo hayo hayahitaji hotuba. Mkwe anayesema "Mama, pombe ni sumu" mbele ya ndugu amemaliza likizo yake siku hiyo hiyo. Anayesema mapema, jikoni, wakiwa wawili, "Mama, naomba huyu tumpe togwa, daktari amekataza kilevi mpaka akue," kwa kawaida husikilizwa. Ni bora zaidi kama baba wa mtoto atasema kwa mama yake mwenyewe. Wanaume wengi hulikwepa jambo hili na kumwachia mke, kisha hushangaa mke anapoitwa mtu wa maringo.

Na sheria ipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto na inakataza kumuuzia pombe. Serikali ilipopiga marufuku viroba Machi 2017, moja ya sababu ilikuwa urahisi wa vijana kuvipata. Pipa la mgombani halikuwa kwenye mjadala ule, ingawa kijana wa sekondari halipi chochote akitumwa kuchota na kuonja njiani.

Hayo yote hayamfanyi mpika mbege kuwa adui. Elimu bila ada haijafuta sare, madaftari wala nauli, na kwa akina mama wengi wa mlimani pipa moja ndiyo pesa ya vitu hivyo. Mtu mzima anayeamua kunywa anaweza kumchagua mpishi kwa macho yake. Pipa lilikuwa la nini kabla ya mbege? Lililobeba kemikali halisafishiki kwa maji ya moto. Maji ya kuchanganyia yametoka wapi, na yamechemshwa? Ulezi ulioota una ukungu? Swali hili la mwisho si la kudharauliwa. Januari 2015 huko Chitima, nchini Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani, na wachunguzi waligundua sumu iliyotengenezwa na bakteria walioota kwenye unga wa mahindi. Pombe ile ilikuwa ya nafaka nyingine na ya nchi nyingine, lakini nafaka iliyoharibika haichagui mpaka.

Kwa anayeona kwamba kata zimekuwa nyingi mno, Hospitali ya KCMC mjini Moshi imekuwa ikijaribu njia isiyo na kelele. Mpango unaoitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako humkuta mgonjwa aliyeumia na anayetumia pombe akiwa hapo hapo hospitalini, na mhudumu wa afya huzungumza naye kwa muda mfupi kuhusu unywaji wake, bila kumgombeza.

Likizo ikiisha, ndugu hufunga zawadi: ndizi, maparachichi, na mara nyingi dumu la mbege kwa ajili ya baba mdogo aliyeko Dar. Dumu hilo litaendelea kuchacha safari nzima, na likifungwa kwa nguvu litavimba, pengine litapasuka. Kifuniko kilegezwe kidogo na lisimamishwe wima mbali na miguu ya watoto, wala lisiwekwe pamoja na chupa za juisi na maji ya njiani. Mtoto mwenye kiu saa tisa usiku, taa za basi zikiwa zimezimwa, hasomi kilichomo ndani ya dumu.