Ramani ya Maji: Harimu ya Kisima Inaishia Wapi?

Wengi wetu Unguja hatujasahau Disemba 2009. Umeme kutoka bara ulikatika, kiza kikadumu takriban miezi mitatu, na mifereji nayo ikakauka, kwa kuwa pampu za visima huendeshwa kwa umeme huo huo. Tulinunua maji kwa dumu.

Mtume wetu (s.a.w.), katika Hadithi iliyopokewa na Abu Daud, ametufahamisha kuwa Waislamu ni washirika katika maji, malisho na moto. Maji, chakula na nishati, vyote vitatu pamoja.

Kisiwa chetu hakina mto mkubwa. Tunategemea mvua inayozama ardhini na kutoka kwenye visima na chemchem, kama Mwanyanya na Bububu, na msitu wa Masingini ndio unaoilinda. Kisima cha pwani kikivutwa kupita kiasi huingia chumvi. Choo kikichimbwa juu ya mawe yenye matundu, uchafu hushuka kwenye maji yale yale.

Kwa hivyo tunataka ramani ya ardhi inayotutunzia maji, wapewe masheha na wananchi kabla viwanja havijakatwa. Isiishie ufukweni: sehemu ya umeme unaotufikia Fumba hutokana na mabwawa ya bonde la Rufiji.

Mafaqihi wamekiwekea kisima harimu, eneo la pembezoni lisilofaa kuhuishwa na mtu mwengine. Tunawauliza masheikh zetu: ikiwa maji ya mji yanazama Masingini, harimu yake inaishia wapi?