"Kocha Alipaswa Kujua"

Kila meza au refa akikosea kuhusu taimauti kwenye basketi, utetezi ni ule ule: kocha alipaswa kujua. Nimeichoka kauli hiyo. Siku moja ilitumika kunilinda mimi.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Mwandishi wa mezani hakutokea, nikapewa kalamu na karatasi ya matokeo. Kwa sheria za FIBA timu ina taimauti 2 nusu ya kwanza na 3 nusu ya pili, na isiyotumika kabla ya mapumziko imepotea. Mimi nikaibeba. Kocha wa wageni aliponiuliza nikamjibu, "Bado una moja, mwalimu." Akaitunza. Zikiwa zimebaki sekunde chache, wako nyuma kwa pointi moja, akaiomba. Nikahesabu upya, moyo ukanilipuka. Hakuwa nayo. Vijana wake walipandisha mpira huku wakitazama benchi, wakingoja king'ora ambacho sikukibonyeza. Muda ukaisha bila hata kurusha.

Refa akanipiga begani: usijali, kocha alipaswa kujua.

Alipaswa, ndiyo. Lakini sheria hizo hizo zinaitaka meza imjulishe kocha, kupitia refa, taimauti zake zinapokwisha. Kama neno la meza si la kuaminiwa, meza imewekwa ya nini?

Wakubwa nao hufanya haya. Machi 22, 2023, Dallas Mavericks walikuwa nyumbani dhidi ya Golden State Warriors. Robo ya tatu mpira ukatoka nje. Refa akaonyesha kuwa ni wa Warriors, kisha akanyoosha mkono upande wa Mavericks, kwa maana kwamba taimauti ya lazima inaandikwa kwao. Mavericks wakausoma mkono huo kuwa mpira ni wao. Waliporudi uwanjani, wakajipanga upande mwingine kabisa. Kikapu kiko wazi, hakuna anayelinda, na refa akautoa mpira hivyo hivyo. Kevon Looney akadanki bila bughudha. Mechi ikaisha 127–125 kwa Warriors. Mavericks wakapinga matokeo, NBA ikakataa.

Wapo watakaonitajia Chris Webber, aliyeomba taimauti kwenye fainali ya vyuo ya 1993 wakati Michigan hawakuwa nayo, wakaadhibiwa kwa faulo ya kiufundi. Sawa, lile lilikuwa lake. Ninalolikataa ni kumtwika mchezaji kosa la aliyeshika filimbi au kalamu.

Najua pia hoja ya kwamba tukianza kurudi nyuma mechi haziishi. Kwa faulo nakubali. Hilo ni jicho dhidi ya jicho. Taimauti ni hesabu, na mpira ni wa nani ni jambo la kuuliza kwa sekunde tatu. Timu nzima ikisimama upande usio wake, usitoe mpira. Meza ikimdanganya kocha, mpe taimauti aliyoahidiwa, hata kama ni ya ziada. Wapinzani nao watapumzika dakika hiyo hiyo.

Baada ya mechi kocha yule alikuja mezani, akainama juu ya visanduku vya taimauti, akahesabu kwa kidole. Kisha akaniuliza niko mwaka wa ngapi. Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuwakusanya vijana wake.