Ukikumbuka mafuta ya injini, usisahau ya giaboksi

Mwulize mwenye gari yeyote hapa mjini ni lini alibadilisha mafuta ya injini, naye atakujibu bila kusita. Kwenye pembe ya kioo cha mbele kuna kikaratasi alichobandikiwa na fundi, chenye tarehe na idadi ya kilomita. Lakini mwulize habari za mafuta ya giaboksi uone atakavyokuna kichwa. "Kwani hayo nayo hubadilishwa?"

Nami nilikuwa katika kundi hilo. Desemba 2022 tulitoka Nairobi saa kumi alfajiri, mimi, mama watoto na wanetu watatu, tukielekea Kitale kwa Krismasi. Gari letu ni Nissan Note, lile dogo linaloonekana katika kila mtaa. Hadi Nakuru safari ilikuwa njema. Tulipopita Salgaa na kuanza kupanda kuelekea Mau Summit, injini ikawa inanguruma lakini gari halisongi. Malori ya mizigo, yale yanayopanda kwa mwendo wa kobe, yakawa yanatupita sisi. Mwishowe gari likakataa kabisa, nasi tukaketi kando ya barabara kwa saa nne tukingoja wa kutuvuta hadi Nakuru.

Fundi alipofungua giaboksi, kilichomwagika kilikuwa cheusi kama kahawa isiyo na maziwa, na kilinuka kama sufuria ya ugali ulioungua. Akaniuliza ni mafuta gani yaliyowekwa mara ya mwisho. Nikapekuapekua kijisanduku cha mbele nikapata risiti ya gereji moja ya Nairobi: lita mbili za ATF ya kawaida. "Mkubwa," akaniambia kwa upole, "gari hili halitumii hayo." Siwezi kumlaumu aliyeyatia peke yake, maana nakumbuka siku hiyo nilikuwa na haraka, na nilimwambia aweke tu yaliyokuwapo. Giaboksi ya mtumba pamoja na kazi ya kuifunga iligharimu Sh65,000. Pesa hizo zilikuwa karo ya kifungua mimba wangu, aliyekuwa ametoka tu kuufanya mtihani wa KCPE. Aliripoti Kidato cha Kwanza wiki moja baada ya wenzake.

Basi tuelewane kwanza mafuta haya hufanya nini. Katika gari la gia za mkono kazi yake ni nyepesi kuelewa: hulainisha meno ya gia yasisagane, na hupunguza joto. Lakini katika gari la otomatiki mafuta ndiyo yanayofanya kazi yenyewe. Pampu huyasukuma kwa nguvu, nayo hubana klachi zilizomo ndani ili gia ibadilike. Hata nguvu za injini hupitia kwenye mafuta hayo, katika sehemu iitwayo konveta, kabla hazijafika magurudumuni. (Mwanafunzi anayesoma fizikia atatambua somo la mgandamizo wa viowevu. Kumbe lina faida nje ya mtihani!)

Kuna na aina ya tatu, iitwayo CVT, ambayo ndiyo iliyomo katika Nissan Note, katika Honda Fit nyingi na katika Toyota Fielder nyingi za miaka ya karibuni. Hii haina gia za kubadilishana. Ina mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili, na mafuta yake yameundwa ili mkanda ushike bila kuteleza na pia bila kulika. Ukitia ATF ya kawaida humo, mkanda huteleza, chuma hukwaruzana na chuma, na yaliyonipata mimi hukupata nawe. Nissan hutaka NS-2 au NS-3 kulingana na modeli, Toyota ina yake, na Honda ina yake. Muuzaji akikwambia kuna chupa moja inayofaa magari yote, mwombe akuonyeshe kwenye lebo yake aina hasa ya mafuta ya gari lako. Asipoiona, nenda duka lingine.

Utajuaje ya gari lako? Kitabu kilichokuja nalo kutoka Japani huenda kimeandikwa kwa Kijapani kitupu. Angalia kijiti cha kupimia, maana katika magari mengi jina la mafuta limechongwa hapo hapo: T-IV, WS, Dexron na kadhalika. Kama hakuna kijiti, chukua nambari ya chesisi uende nayo kwa muuzaji wa spea anayeijua kazi yake.

Kupima ni rahisi kwa gari lenye kijiti, ila ni lazima ulipime likiwa limepata moto. Liendeshe kama dakika kumi na tano, liegeshe mahali palipo sawa, vuta breki ya mkono. Injini ikiwa ingali inanguruma, na mguu ukiwa kwenye breki, pitisha kigawi cha gia katika kila nafasi, kisha urudishe kwenye P. Chomoa kijiti, kipanguse kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kirudishe, ukichomoe tena. Mafuta yafike kwenye alama ya HOT. Toyota nyingi za zamani hupimwa hivyo, lakini Honda hupimwa injini ikiwa imetoka tu kuzimwa. Magari mengi mapya hayana kijiti kabisa. Hayo mwachie fundi mwenye mashine ya kusoma joto la mafuta.

Tazama rangi, kisha unuse. ATF mpya huwa nyekundu. Ikigeuka ya kahawia, siku zake zimekaribia. Ikiwa nyeusi yenye harufu ya kuungua, umechelewa. Na ikifanana na maziwa yaliyotiwa rangi ya waridi, usiliendeshe gari hata hadi dukani: maji ya rejeta yameingia ndani.

Kuhusu muda, yako magari yanayouzwa kwa ahadi kwamba mafuta ya giaboksi ni ya maisha. Maisha ya nani, hawasemi. Gari letu huja likiwa limetumika miaka kadhaa ugenini, kisha huingia katika msongamano wa Jogoo Road na Mombasa Road, ambako giaboksi hupikwa kwa saa mbili gari likisogea kilomita tano. Mimi sasa hubadilisha kila kilomita 40,000, na la gia za mkono ningelibadilishia kati ya 60,000 na 80,000.

Wapo wanaoogopa kwamba giaboksi iliyozoea mafuta ya zamani hufa ikitiwa mapya. Ukweli ni kwamba ile iliyokwisha kuanza kuteleza haitaponywa na mafuta, na ikifa siku ya pili, mafuta ndiyo hubeba lawama. Kama gari limekaa muda mrefu bila kubadilishiwa, kataa ile mashine ya kusukuma mafuta yote yatoke kwa mkupuo. Yamwagwe yanayotoka yenyewe, ambayo aghalabu ni lita tatu au nne tu kwa kuwa mengine hubaki ndani ya konveta, ujaze, uendeshe majuma machache, kisha urudie.

Ukiwa gereji simama hapo hapo. Yapimwe yaliyotoka ili yarudishwe kiasi hicho hicho, kwa maana yakizidi hutoa povu, na povu halina nguvu ya kubana klachi. Mwombe fundi akuonyeshe sumaku ya ndani ya sampu: uji wa kijivu ni wa kawaida, vipande vya chuma si vya kawaida. Ikiwa gari ni la gia za mkono, alegeze kwanza plagi ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Nimeona gari lililomwagwa mafuta yote, kisha plagi ya juu ikakataa kufunguka hadi jioni. Wenye Subaru nao wahakikishe kwamba plagi inayofunguliwa ni ya injini kweli, kwani chini yake zipo zaidi ya moja na mafundi wa haraka huzichanganya.

Tena, gari la otomatiki likikukwamia usikubali livutwe kwa kamba magurudumu yanayoendeshwa yakiwa chini. Injini ikiwa imezimwa pampu haifanyi kazi, na giaboksi huzunguka ikiwa kavu. Liinuliwe magurudumu hayo, au libebwe juu ya lori. Kule Salgaa vijana walikuja na kamba wakitaka Sh3,000. Mama watoto ndiye aliyekataa.

Juma lijalo: mafuta ya breki, na kwa nini hunyonya maji.