Mkimbizi Asiye na Matembezi

Hapana mwalimu wa Kiswahili nchini Kenya ambaye hajapata kuwapa wanafunzi wake insha yenye kichwa kama "Likizo niliyoifurahia" au "Matembezi yetu ya Pasaka". Wala hapana mwanafunzi ambaye hajapata kuiandika. Mkondo wa insha hizo unajulikana. Familia huamka alfajiri, hupanda basi, hufika pwani, huvuka maji kwa mashua, na jioni mwandishi hulala akiwa amechoka lakini amefurahi. Mwalimu husoma, hutia alama, akafungua daftari jingine.

Shule za kambi za wakimbizi za Dadaab, katika Kaunti ya Garissa, hufuata mtaala huu huu wa Kenya. Mwanafunzi wa Ifo, Dagahaley au Hagadera husoma vitabu vile vile na hutungiwa mitihani ile ile. Naye pia huandika insha ya matembezi. Tofauti ni kwamba wengi wa watoto hao wamezaliwa kambini na hawajapata kutoka humo kwa ajili ya matembezi hata siku moja. Insha yao ni ya kubuni tangu neno la kwanza hadi nukta ya mwisho. Katika msimu huu wa Pasaka, wenye uwezo wanapopanga safari zao, ningependa tulitafakari jambo hilo, kwa kuwa linatuhusu zaidi ya tunavyodhani.

Ajabu ni kwamba bahari haiko mbali sana na watoto hao. Kaunti ya Garissa inapakana na Kaunti ya Lamu kwa upande wa kusini. Familia iendayo Lamu wakati wa sikukuu huliacha gari Mokowe, huku bara, ikapanda mashua. Kisiwani watoto hukuta mji wa kale ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, ngome iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 19, na vichochoro ambamo punda ndiye mwenye njia. Wakienda Matondoni watawaona mafundi wa majahazi. Wakivuka hadi kisiwa cha Manda watayaona magofu ya Takwa, mji uliohamwa katika karne ya 17. Katika siku mbili tu mtoto hujifunza historia, jiografia na msamiati ambao mwalimu hutaabika muhula mzima kuufundisha. Tanga, mlingoti, nanga na usukani huacha kuwa orodha ya maneno ubaoni. Maana ya "maji kupwa" huielewa siku ile anapoiona mashua aliyoipanda asubuhi imekaa juu ya matope.

Niruhusu, msomaji, niseme kidogo kama mwanaisimu. Nomino "mkimbizi" imetokana na kitenzi "kimbia", kama vile "mwangalizi" ilivyotokana na "angalia". Ni jina la mtenda, na hutuambia kwamba mtu huyu anakimbia au amekimbia. Nomino "matembezi" nayo imetokana na kitenzi "tembea", na sauti "z" imejitokeza mwishoni kwa namna inayofanana. Maneno haya mawili, basi, ni ndugu, maana yote yamezaliwa na vitenzi vya mwendo. Lakini mtoto aliyezaliwa Hagadera hakukimbia popote. Aliyekimbia ni mama yake, na yamkini ni bibi yake. Mtoto amerithi jina la mwendo pasipo kupewa mwendo wenyewe. Tumemwita mkimbizi, kisha tukamnyima matembezi.

Tuangalie ilivyokuwa. Kambi ya Ifo ilianzishwa mwaka 1991, serikali ya Somalia ilipoanguka, na Dagahaley na Hagadera zikafuata mwaka 1992. Zote tatu zilikusudiwa watu 90,000. Mwaka 2011, ukame na njaa vilipozidi Somalia, idadi ilivuka 460,000. Wapo pia Waethiopia, Wasudan Kusini, Wakongo na wengineo, na miongoni mwao wamo Wakristo wanaoiadhimisha Pasaka katika makanisa madogo ya kambini.

Baadhi ya waliokimbia Somalia wakati ule walikuwa watu wa bahari hasa: Wabajuni wa visiwa vya Koyama, Chovai na Chula, na watu wa Barawa wenye Chimiini, lahaja ya Kiswahili ambayo sisi wanaisimu huithamini sana. Wengi walifika Mombasa kwa vyombo vya baharini wakawekwa katika kambi za pwani kama ile ya Utange. Kambi hizo zilipofungwa katika miaka ya 1990, wakimbizi waliosalia pwani walipelekwa Kakuma na Dadaab. Hivyo wako waliozaliwa wakisikia mawimbi, wakajikuta wakizeekea mahali ambapo maji hupangiwa foleni. Kwao, na kwa wajukuu wao, kisiwa ni hadithi ya jioni.

Wasomali huita kisiwa "jasiirad", neno lililotoka katika Kiarabu. Mimi nadhani Dadaab yenyewe ni kisiwa. Imezungukwa na nchi kavu badala ya maji, lakini mwenye kuishi humo hawezi kuvuka bila chombo, na chombo chenyewe ni karatasi. Atakaye kutoka huomba kibali cha kusafiri. Sababu zilizozoeleka ni matibabu ya rufaa, masomo, shughuli za mahakama, na mahojiano ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Ugua sana, na unaweza kuuona mji wa Garissa, ulio kama kilomita 100 hivi. Ukiwa mzima, ukataka tu kuwaonyesha wanao Mto Tana siku ya sikukuu, hiyo haimo katika orodha.

Najua jibu litakalotolewa, nalo si jibu la kupuuzwa. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, siku moja kabla ya Ijumaa Kuu, watu wenye silaha walikivamia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Sisi tunaofundisha vyuoni hatuwezi kuisikia Pasaka ikitajwa pamoja na Garissa bila kuwakumbuka vijana wale. Tarehe 22 Novemba 2014, karibu na Mandera, abiria 28 walikuwa wameuawa katika basi lililokuwa likienda Nairobi. Miongoni mwao walikuwamo walimu waliokuwa wakirudi kwao likizoni. Na Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti hii hii ya Garissa. Atakayeniambia kwamba usalama si jambo la mchezo nitakubaliana naye kabla hajamaliza kusema.

Lakini hebu tuulize: Je, kuwafungia watoto wa Dadaab kulizuia lipi kati ya hayo? Siku chache baada ya mauaji ya chuoni, Naibu wa Rais wa wakati huo, Bw. William Ruto, aliupa Umoja wa Mataifa miezi mitatu kuiondoa Dadaab. Hali serikali yenyewe ilikwisha kutangaza kwamba mmoja wa wauaji alikuwa Mkenya, mhitimu wa sheria, mwana wa chifu wa Kaunti ya Mandera. Kwa upande mwingine, Desemba 2015, siku chache kabla ya Krismasi, basi jingine liliposhambuliwa karibu na El Wak, abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi katika kisa hicho, akafariki dunia mwezi uliofuata. Mwalimu huyo hakuwakinga watu kwa sababu ya dini yao au vitambulisho vyao. Aliwakinga kwa sababu walikuwa wasafiri wenzake. Umoja wa namna hiyo huzaliwa pale watu wanaposafiri pamoja, na hauwezi kuzaliwa kati ya watu wasiopata kuonana.

Wengine watasema kwamba matembezi ni anasa, hasa baada ya mgao wa chakula kupunguzwa mno mwaka 2025. Ni kweli kwamba tumbo hutangulia. Hata hivyo, Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unatamka katika kifungu cha 31 kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Hausemi kwamba haki hiyo ni ya aliyeshiba. Na wako watakaouliza Pasaka inawahusu nini watoto Waislamu, ambao ndio wengi Dadaab. Inawahusu kama Idi inavyomhusu mtoto Mkristo wa Nakuru: shule zimefungwa na wazazi wanapumzika. Isitoshe, neno lenyewe "Pasaka" lina asili ya Kiebrania, nalo hukumbusha usiku ambao watu waliokuwa utumwani Misri walitoka wakaenda zao. Waislamu nao huihesabu miaka yao kuanzia Hijra, safari ya mwaka 622 ya watu waliokimbia mateso. Dini zote mbili, basi, humwelewa mkimbizi.

Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, na Mpango wa Shirika, uliozinduliwa na Rais Ruto Machi 2025, zimeleta lugha mpya. Sasa tunasikia kwamba kambi zitageuzwa makazi na wageni watashirikishwa na wenyeji. Jina "Shirika" limechaguliwa vizuri. Lakini wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na mgeni wetu huyu yuko nasi tangu 1991. Uzuri wa mpango hupimwa kwa mambo madogo, na mimi napendekeza kipimo kimoja kidogo sana: Je, baba wa Ifo ataweza kuwachukua wanawe kwa siku moja ya sikukuu, akarudi nao jioni, bila kudanganya kwamba mmoja wao ni mgonjwa?

Hatuhitaji kuanza na Lamu. Barabara za huko zina misiba yao, na mwenye busara hataanzia palipo pagumu. Tuanze karibu. Idara inayohusika na wakimbizi ingeweza kutoa kibali cha likizo, kwanza kwa makundi ya wanafunzi wanaoongozwa na walimu wao, wakiwa na orodha ya majina na saa ya kurudi. Wapelekwe mjini Garissa wakauone Mto Tana, ambao ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Wapelekwe Bour-Algi, karibu na mji huo, wakawaone twiga wanaotunzwa na wenyeji. Hali ikiruhusu, wafike Ishaqbini, katika eneo la Ijara, kwenye hifadhi ya hirola, mnyama aliye katika hatari ya kutoweka duniani, ambaye makazi yake ya asili ni mpakani mwa Kenya na Somalia. Kila Aprili wanafunzi wa Kenya husafiri kwenda tamasha za kitaifa za drama, na walimu huwarudisha salama. Ujuzi wa kuwasafirisha watoto kwa utaratibu tunao tayari. Makundi yakifaulu, zifuate familia. Na familia zikifaulu, hata Mokowe haitakuwa mbali.

Nanyi walimu wenzangu, mnapoitoa tena insha ya matembezi, kumbukeni kwamba wako wanaoulizwa wasichokijua. Msiwakate alama kwa kumvusha punda baharini au kuisimamisha mashua barabarani. Kosa hilo si la mwanafunzi. Wahenga walisema tembea uone, nasi tumekuwa tukimtahini mtoto kwa kuona bila kumruhusu kutembea.